Hitilafu 54: Nani alipata kiini cha ajali?

Haya wapenzi wa tarakilishi, leo tuweke kando simu na vifaa vipya, turudi hadi mwaka wa 1986. Ni kisa ambacho kila anayeandika programu anafaa kukijua, na hata asiyeandika ana funzo lake humu: ajali ikitokea kazini, uchimbe hadi wapi kabla ya kusema umepata chanzo?

Mashine iliitwa Therac-25. Ilitengenezwa na AECL, kampuni ya serikali ya Kanada, kwa ajili ya kutibu saratani kwa mionzi. Zilifungwa 11 tu, 5 Marekani na 6 Kanada. Ilitibu kwa njia mbili: elektroni au eksirei. Njia ya eksirei ilitumia mkondo mkali takriban mara 100 zaidi, kwa kuwa mkondo huo ulipaswa kugonga kwanza bamba la chuma ndipo umfikie mgonjwa ukiwa umepungua. Sasa fikiria mkondo huo ukitoka bila bamba.

Mashine ya awali, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya maunzi vya kuzuia jambo hilo. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, ulinzi ukaachiwa programu.

Tarehe 21 Machi 1986, katika hospitali moja mjini Tyler, Texas, opereta alikosea herufi: aliandika x ya eksirei badala ya e ya elektroni. Akapanda juu kwa kitufe cha mshale, akarekebisha, akabonyeza upesi hadi chini. Skrini ikasema tayari. Alipowasha, mashine ikasimama na ujumbe: Hitilafu 54. Kitabu cha maelezo hakikufafanua namba hiyo. Skrini ilionyesha mgonjwa amepata dozi ndogo mno, basi opereta akabonyeza kitufe cha kuendelea, jinsi walivyozoea mashine ilipokwama. Mgonjwa alipigwa mara ya pili akijaribu kuinuka. Siku hiyo kamera ya chumbani ilikuwa imechomolewa na kipaza sauti kimeharibika. Dozi ilikadiriwa baadaye kuwa zaidi ya mara 90 ya ile aliyoandikiwa. Alifariki miezi 5 baadaye.

Wahandisi wa kampuni walikuja. Walijaribu, Hitilafu 54 haikutokea. Wakasema mashine haiwezi kuzidisha dozi, huenda ni shoti ya umeme. Shoti ikatafutwa, haikupatikana. Tarehe 7 Aprili mashine ikarudi kazini. Tarehe 11 Aprili, opereta yuleyule, ujumbe uleule, mgonjwa wa pili. Huyu alifariki tarehe 1 Mei.

Hapa ndipo uchunguzi wa kweli ulipoanza, na haukuanzia kiwandani. Mwanafizikia wa hospitali alisimamisha mashine papo hapo, akaketi na opereta aliyekumbuka vizuri alichofanya. Wakarudia hatua zile tena na tena, hadi wakaweza kuitoa Hitilafu 54 kila walipotaka. Siri ilikuwa kasi. Sumaku za mashine zilichukua kama sekunde 8 kujipanga, na rekebisho lililoingizwa ndani ya muda huo halikuonekana na sehemu nyingine ya programu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini hapa ni haraka iliyofichua ukweli. Mhandisi aliyeandika polepole hangeiona ng'o.

Kampuni ilifanya nini? Tarehe 15 Aprili iliwaandikia wenye mashine wang'oe kitufe cha mshale wa juu na kuziba mahali pake kwa utepe wa umeme. Naam, utepe! FDA ya Marekani haikuridhika, na tarehe 2 Mei ikatangaza kwamba mashine ina kasoro.

Je, rekebisho la haraka kupita kiasi ndilo lililokuwa kiini? Ngoja. Januari 1987, huko Yakima, jimbo la Washington, mgonjwa mwingine aliungua, na hitilafu haikuwa ile ya Tyler. Kulikuwa na kihesabio cha biti 8 ambacho kila kikifika 256 hurudi sifuri, na programu ikisoma sifuri iliruka ukaguzi. Isitoshe, ilikuja kugunduliwa kwamba hitilafu ya Tyler ilikuwemo hata kwenye Therac-20. Huko ilichoma fyuzi tu, kwa sababu kizuizi cha maunzi kilikuwepo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kiini kilipo. Kosa la opereta ni kweli. Hitilafu ya programu ni kweli pia. Lakini unaweza kuziba hitilafu moja leo na nyingine ikaua kesho, mradi hakuna kitu cha pili cha kuzuia ya kwanza inaposhindwa. Na kuna jambo la chini zaidi: ripoti za 1985 zilijibiwa kwa "haiwezekani". Baada ya ajali ya Hamilton, Ontario, Julai 1985, kampuni ilikisia ni swichi ndogo, ikairekebisha bila kuweza kurudia tatizo, kisha ikadai usalama umeongezeka maradufu kwa maradufu.

Ajali 6 zinajulikana, kati ya Juni 1985 na Januari 1987. Kwa hiyo mtu akiniambia amepata chanzo, ninamuuliza mambo mawili: umeweza kulirudia tatizo? Na umeketi na yule aliyekuwa kwenye kibodi, ukamwacha akuonyeshe? Kama bado, hicho ulicho nacho ni dhana tu.