Mofini ya kunywa: sehemu ya 6

Mama zangu, jana tuliongea kansa, leo mofini. Usishtuke, siyo dawa ya kumharakisha mgonjwa, ni ya maumivu makali.

Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda. Unga wa mofini unachanganywa na maji, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Kikwazo kikawa sheria: nesi haruhusiwi kuiandika, na kijijini daktari yuko wapi? Wengine waliogopa uraibu. Hoja ya kweli, ila bibi analia usiku kucha, unamkinga na uraibu gani?

Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika.

Ukipewa chupa hiyo nyumbani, ifungie kabatini, watoto wasiifikie.