Mpini Hufuata Jembe

Historia ya kazi za mikono katika Afrika ya Mashariki imeandikwa kwa habari za vitu vilivyotengenezwa kuliko kwa habari za vile vilivyotumika kuvitengeneza. Tunasoma juu ya majembe, majahazi, na milango ya nakshi. Lakini juu ya kibao kilichoshika ubao usiteleze, au kalibu iliyolazimisha matofali mia yawe na umbo moja, husemwa machache mno. Yamkini sababu ni kuwa vyombo hivi havina uzuri wa kutazamwa. Kazi ikiisha hutupwa pembeni, na mgeni aingiaye karakanani huvikanyaga. Hata hivyo, mtu atakaye kujua kwa nini taifa moja hutengeneza mashine na jingine huzinunua hana budi kuinama na kuviokota.

Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, ni mahali pafaapo kuanzia. Wengi hupajua kwa sababu ya misheni ya Mapadre Weupe, waliofika huko mwaka 1892 baada ya vita vya dini katika Buganda kuwatawanya watu wao. Pamoja na mapadre, shirika lile lilikuwa na mabruda, watu ambao sehemu kubwa ya utawa wao ilitimizwa kwa msumeno, mwiko na nyundo. Popote misheni ilipojenga kwa matofali, kalibu ilitangulia ukuta. Nayo kalibu ni fremu ya mbao tu isiyo na kifuniko: udongo hushindiliwa ndani, juu hukwanguliwa kwa kibao, fremu huinuliwa, na tofali hubaki chini. Mtoto wa miaka kumi aweza kufyatua tofali lililo sawa na la mwashi mkuu. Ujuzi wa vipimo umetoka katika mkono wa mfyatuaji umeingia katika mbao nne, na aliyezipima mbao zile mara moja amepima matofali yote yatakayofuata.

Lakini isidhaniwe kuwa misheni iliwakuta Wahaya hawana habari ya chuma. Kusini ya mji wa Bukoba, katika nchi ya Maruku, kiko kijiji cha Katuruka, na hapo palikuwa na mti mkubwa ulioheshimiwa, mahali paitwapo Kaiija, maana yake ni mahali pa kiwanda cha mhunzi. Wazee wa huko walisimulia kuwa mfalme wao Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alisikiliza masimulizi hayo, akachimba pale pale palipotajwa, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani kuliko mfalme mwenyewe kwa karne nyingi. Napenda habari hii kwa sababu moja: hapa hadithi ya wazee ilikuwa ramani, wala si kipambo cha ramani.

Katika miaka ya 1970 Schmidt aliwaomba wazee waliokuwa wakikumbuka kazi hiyo wajenge tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya macho yake, maana ilikuwa imekwisha achwa kwa muda wa miaka hamsini hivi. Walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena mpaka wakaweza. Shimo la tanuri lilikandikwa udongo wa kichuguu na kujazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa. Mirija ya udongo ilichomekwa ikaingia mbali ndani ya tanuri, na mivukuto ikapuliza hewa kwa kupitia humo. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza katika gazeti la sayansi la Marekani liitwalo Science kuwa tanuri za namna hii zilikuwako katika nchi hiyo tangu miaka 1,500 hata 2,000 iliyopita, na kuwa hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika penye makaa, jambo ambalo tanuri za Ulaya zililipata katika karne ya 19. Wako wataalamu waliobisha juu ya hewa hiyo kupata moto. Hakuna aliyebisha juu ya ustadi wa watu wenyewe.

Sasa chuma kilipotoka tanurini kilikwenda kwa mhunzi, na hapo ndipo ilipo shabaha ya insha hii. Mhunzi alikishika kwa koleo katika mkono wa kushoto, akakipiga kwa nyundo ya mkono wa kulia juu ya fuawe. Umbo la jembe lilikuwa katika jicho lake na katika bega lake. Majembe kumi ya mhunzi mmoja yalifanana kama watoto wa mama mmoja wafananavyo, lakini hayakuwa sawa. Wala haikuwapo haja ya kuwa sawa. Katika nchi za maziwa makuu jembe lilitumika shambani na pia katika mahari na biashara, na popote lilipokwenda, aliyelipokea alichonga mpini wa kulifaa. Mpini hufuata jembe. Tofauti ndogo aliyoiacha mhunzi ilimezwa na kisu cha mkulima.

Nalirudia jambo hili kwa kuwa mara nyingi wahunzi wetu wa kale wamehukumiwa kwa sheria isiyokuwa yao. Imesemwa kuwa hawakugundua vyombo vya kutoa vitu sawasawa kwa sababu ya uvivu wa fikira. Swali la haki ni hili: nani aliwataka vitu sawasawa? Watu walioweza kupanga moto, hewa, udongo na matete wakapata chuma hawangeshindwa kukata kibao cha kipimo. Mbali nao, huko pwani, waunda majahazi walitoboa mbao kwa keekee: chuma chake kimechomekwa katika msukano, msukano unazungushwa kwa uta, na juu yake fundi amekandamiza jivu kwa kiganja. Jivu lile linashika kichwa cha zana. Ncha yake inaongozwa na jicho tu. Tundu likienda upande kidogo, msumari hulifuata. Ni sheria ile ile ya mpini na jembe katika kazi nyingine.

Sheria hiyo ilivunjika pale vitu viwili vilivyotengenezwa na watu wasioonana vilipotakiwa kukutana na kukubaliana. Mkazi wa Bukoba ana mfano wake ziwani. Meli Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilijengwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari, ikapanda reli, ikaungwa tena Kisumu. Kabla yake, katika Ziwa Tanganyika, Wajerumani walifanya vivyo hivyo na meli Graf von Goetzen, ambayo leo ni Liemba: iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikatiwa katika masanduku 5,000, na mwaka 1915 ikaelea Kigoma. Katika ujenzi wa namna hii desturi ni kuiunga meli kwanza kwa bolti huko kiwandani, kuandika alama juu ya kila kipande, ndipo kuifungua. Alama husema bamba hili ni la jirani fulani, na tundu hili lilitobolewa pamoja na lile. Ni akili kubwa, lakini bado ni mpini na jembe lake, ila umbali baina yao umekuwa maelfu ya maili. Bamba moja likizama baharini, hakuna jingine litakaloingia mahali pake mpaka lipimwe na kutobolewa upya.

Hatua iliyofuata ni kuifanya alama isihitajiwe. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani Paris, alimtembelea fundi Honoré Blanc, akapewa vipande vya mitambo ya bunduki vilivyochanganywa, akaviokota bila kuchagua, akaunga mitambo kwa mkono wake mwenyewe, na vyote vikakubali. Habari hiyo ilifika Marekani. Mwaka 1798 Eli Whitney akaiahidi serikali bunduki 10,000 za namna hiyo katika miaka miwili. Akazimaliza mwaka 1809. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilimsifu kuwa ndiye baba wa vipande vya kubadilishana. Halafu bunduki zake zilizosalia zikafunguliwa na watafiti, wakakuta vipande vina alama zilizochorwa na fundi ili kila kimoja kimjue mwenzake. Sifa ilikuwa imetangulia kazi.

Aliyeifikia kazi yenyewe ni mtu asiyetajwa sana, John Hall, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Harpers Ferry, ambaye katika miaka ya 1820 bunduki zake zilifunguliwa mbele ya tume, vipande vikachanganywa, na zikaungwa tena zikakubali. Hall aliona kosa ambalo wengine walikuwa wakilitenda bila kujua. Kipande cha chuma hupita mashine nyingi. Fundi wa kwanza hukishika kwa ukingo wa kushoto, wa pili kwa ukingo wa kulia, wa tatu kwa tundu lililotobolewa na wa pili. Na kila mmoja huongeza kosa lake dogo juu ya makosa ya waliomtangulia. Hall akachagua mahali pamoja katika kila kipande, akaamuru kila chombo cha kushikia, katika kila mashine, kianzie kupima hapo hapo. Makosa yalibaki, lakini hayakuweza tena kurithiana.

Hapo ndipo elimu ya vyombo hivi inapoanzia, nayo ni nyepesi kueleza kuliko kutenda. Vipo vya aina mbili. Jigi hushika kazi na pia huongoza zana: keekee hupita katika bomba fupi la chuma kigumu, isiweze kupotoka hata fundi akiwa mchanga. Kishikizi hushika tu, na mashine huongozwa kwa njia nyingine. Katika vyote viwili swali la kwanza ni namna ya kukinyima kitu uhuru wake. Kitu kikiwa hewani kina njia sita za kujongea: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, tena kuzunguka katika kila moja ya njia hizo. Nukta tatu chini yake humnyima tatu. Nukta mbili ubavuni humnyima mbili. Nukta moja kichwani humnyima ya mwisho. Jumla ni sita, wala hazitakiwi saba. Atakaye kujua kwa nini chini ziwe tatu na siyo nne, na akae juu ya kigoda cha miguu mitatu katika sakafu mbovu, halafu akae juu ya kiti cha miguu minne. Baada ya nukta hizo huja kabari au parafujo ya kukazia, nayo sharti isukume kuelekea nukta. Ikisukuma penye uwazi, chuma hupinda, hutobolewa kikiwa kimepinda, na kikifunguliwa hujinyosha pamoja na tundu la uongo. Yako na mengine madogo, kama nafasi ya kutokea vinyoleo, na kijiti kinachozuia kazi isiingizwe kinyume. Mbuni mzuri humfikiria mtu aliyechoka saa kumi jioni, wala si yeye mwenyewe asubuhi.

Katika Tanzania huru elimu hii iliingia kwa milango miwili. Mlango mkubwa ulikuwa wa viwanda vya serikali. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China, kikatoa majembe. Karakana ya Mang'ula ilizaliwa na ujenzi wa reli ya TAZARA katika miaka ya 1970. Kiwanda cha mashine cha Kilimanjaro, kule Hai, kilipata msaada wa Bulgaria, na shabaha yake ilikuwa ya juu kuliko zote, yaani kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Shabaha ilikuwa sahihi. Lakini kiwanda kinachopewa mashine na michoro pamoja na vishikizi vyake kimepewa majibu bila maswali. Kitu kipya kikitakiwa, mashine ipo na fundi yupo. Anayekosekana ni yule wa kukaa na karatasi na kuuliza nukta sita ziwe wapi. Mabadiliko ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalivikuta viwanda hivi vingi vikiwa na mikono mingi na wabuni wachache.

Mlango mdogo ulikuwa wa mafundi wa kando ya barabara, ambao SIDO iliundwa mwaka 1973 kuwasaidia wao na wenzao wa viwanda vidogo. Jirani zetu wa Nairobi watupa mfano mzuri. Jiko la mkaa lenye bakuli la udongo lililoenea Kenya katika miaka ya 1980 lina sehemu mbili: bati hukunjwa na mhunzi wa mjini, na bakuli hufinyangwa na mfinyanzi wa mbali. Hawa wawili hawaonani. Jiko halikuweza kuenea mpaka mmoja afuate kipande cha bati cha mfano na mwingine afuate kalibu, na vyote viwili vitoke katika kipimo kimoja. Hayo ndiyo mafundisho ya Hall, nayo yalishikwa na watu ambao hawakupata kulisikia jina lake.

Kuna hesabu moja ambayo humkatisha tamaa fundi wa Bukoba, naye ana haki. Jigi ya kutobolea bamba la mashine ya kukobolea kahawa yaweza kumgharimu kazi ya siku nyingi. Akiwa na mabamba matano ya kutoboa, afadhali apime kwa mkono. Akiwa na mia tano, jigi itajilipa mapema. Kwa hiyo jambo humtegemea mnunuzi kama linavyomtegemea fundi: kama chama cha ushirika chanunua mashine moja moja kutoka kwa mafundi kumi, kila moja kwa umbo lake, basi mafundi wote kumi watapima kwa mkono mpaka wazeeke, na mkulima ambaye bamba lake limevunjika atalibeba kwa baiskeli kumtafuta fundi yule yule aliyelitoboa.

Na kiwanda kinapouzwa, waandishi wa mali huhesabu mashine, kwa maana zina bei. Jigi haifai ila kwa kitu kimoja tu, na mnunuzi asiyekusudia kukitengeneza kitu hicho huipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu.