Hukumu ya Mtawala Aliyepinduliwa

Mtawala dhalimu akishapinduliwa, je, kumwua ni kutenda haki, au ni kupanda mbegu ya fujo nyingine? Wapo wanenao kwamba dawa ya moto ni moto. Wapo pia wanaokumbusha kwamba hasira ni hasara. Kila upande una hoja, na historia ya Afrika ina ushahidi wa kutosha kuzipima.

Sisi tuliolelewa Kasense, katika mji wa Sumbawanga, tulilisikia swali hili tukingali watoto. Mwezi wa Aprili 1979, redio ilipotangaza kwamba Kampala imeanguka na Idi Amin amekimbia, wazee walizungumza hadi usiku. Wengi walitaka akamatwe na anyongwe hadharani. Mzee mmoja, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa mgambo waliokwenda vitani, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Na akishanyongwa, kiti chake atakikalia nani?" Hakujibiwa. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Masimulizi ya Ufipa yenyewe yana kisa kinacholigusa jambo hili. Husimuliwa kwamba hapo kale nchi ilikuwa chini ya mwene wa Milansi. Wakaja wageni, wanawake wa ukoo wa Twa, wakakitwaa kiti chake yeye akiwa hayupo. Mwene yule hakuuawa, wala uzao wake haukufukuzwa. Utawala ulikwenda kwa ukoo wa Twa, naye akabaki na kijiji chake cha Milansi pamoja na heshima yake katika mambo ya mila. Hivyo nchi ilipata watawala wapya bila ya kumwaga damu ya wale wa zamani.

Hata hivyo, tusikitwike kisa hiki mzigo kisichouweza. Ukoo wa Twa wenyewe ulikuja kugawanyika, zikawapo Nkansi na Lyangalile, nazo zikapigana. Tena mwene wa Milansi alinyang'anywa kiti tu; hakudaiwa damu ya mtu. Kumwacha hai asiye na hatia si jambo gumu. Jambo gumu ni kumhukumu yule aliyeacha makaburi nyuma yake.

Amin alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Mwezi wa Septemba 1972 Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa na askari ndani ya Mahakama Kuu, akauawa. Mwezi wa Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Makadirio ya watu waliopoteza maisha katika miaka ile minane hufika 300,000. Katika vifo vyote hivyo, kifo cha Kiwanuka kina fundisho la pekee: aliyemtoa jaji katika kiti chake hakuua mtu mmoja tu, bali aliua mahali ambapo wananchi wangeweza kupeleka kilio chao.

Amin hakunyongwa, wala hakushtakiwa. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafariki kitandani mjini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Wajane na yatima wa Uganda hawakupata siku hata moja ya kumtazama usoni na kumwuliza. Wala nchi haikutulia. Yusuf Lule alikaa madarakani siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote ulibishaniwa, na mwezi wa Februari 1981 vita vya msituni vikaanza. Basi kumwacha mkosaji aende zake hakukuleta haki, wala hakukuleta amani.

Je, kuua kungeleta? Tutazame kwingine. Francisco Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta alipinduliwa tarehe 3 Agosti 1979, akahukumiwa kwa haraka, akapigwa risasi tarehe 29 Septemba mwaka huo huo. Aliyempindua ni mpwa wake, Teodoro Obiang, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa utawala ule ule. Zaidi ya miaka 40 baadaye Obiang alikuwa angali kwenye kiti. Kichwa kilikatwa, kiti hakikusafishwa. Huko Liberia, Samuel Doe alitwaa nchi Aprili 1980. Rais William Tolbert aliuawa, na siku kumi baadaye wakuu 13 wa serikali yake wakapigwa risasi ufukweni Monrovia mbele ya umati ulioshangilia. Mwaka 1990 Doe mwenyewe alikamatwa, akateswa na kuuawa, na nchi ikaendelea kuungua.

Msomaji makini atatupinga kwa hoja nzito: aliyepinduliwa akiachwa hai, huweza kurudi. Ni kweli. Obote alipokuwa uhamishoni nchini kwetu, wafuasi wake waliivamia Uganda Septemba 1972, wakashindwa. Na yeye mwenyewe alirudi madarakani. Wala hatudai kwamba kila nchi iliyomwua mtawala wake iliangamia: Romania ilimpiga risasi Nicolae Ceaușescu Desemba 1989, nayo haikuingia katika vita. Kwa hiyo kifo peke yake hakileti amani, wala peke yake hakileti vita. Kinachoamua ni namna hukumu inavyotolewa, na namna kiti kinavyojazwa.

Mfano ulio bora ni wa Chad. Hissène Habré alipinduliwa Desemba 1990, akakimbilia Senegali. Waliookoka magereza yake walidai haki kwa zaidi ya miaka 20 bila kuchoka. Hatimaye mahakama maalumu ya Kiafrika, iliyoundwa na Senegali pamoja na Umoja wa Afrika, ilimsomea hukumu mjini Dakar tarehe 30 Mei 2016: kifungo cha maisha. Alifariki akiwa mfungwa mwaka 2021. Hukumu ile haikuiponya siasa ya Chad. Lakini walioteswa walisimama, wakasema mbele yake yote aliyowatendea, na maneno yao yakaandikwa. Marehemu hasemi, wala hajibu. Na siri nyingi huzikwa pamoja naye.

Kwa maoni yetu, basi, haki ya mtawala aliyepinduliwa imo katika mahakama, haimo katika kitanzi. Aliyemwua jaji hulipizwa vema zaidi kwa kurudishwa jaji kitini, kisha mwuaji kusimamishwa mbele yake.

Jina la mji wetu, Sumbawanga, wazee hulieleza kuwa ni agizo: tupa uchawi. Tunawaomba walimu na wanafunzi waone kwamba agizo hilo halisemi tupa mchawi. Mchawi mmoja akitupwa na uchawi ukabaki ndani ya nyumba, atazaliwa mwingine. Yule mzee wa Kasense alikuwa ameuliza swali lililo sahihi. Mwanawe alikuwa vitani kwa sababu ya kiti kilichokaliwa vibaya, naye alitaka kujua kama mjukuu wake atalazimika kwenda tena.