Dagaa wa Katoro na Dhoruba ya Alfajiri

Dagaa wanaopimwa kwa kopo sokoni Katoro huvuliwa usiku, saa ambazo Ziwa Victoria ni hatari kuliko zote, na historia ya biashara hii haieleweki bila saa hizo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Pepo huvuma kutoka kingo zote kuelekea katikati ya ziwa, zikakutana na kuzaa radi na mawimbi kabla hakujapambazuka. Dagaa naye hufuata mwanga, na mwanga humvuta vizuri pasipo mbalamwezi. Karabai ilipoenea, ilimpa mvuvi riziki na papo hapo ikampeleka kwenye kinywa cha dhoruba.

Wapo watakaosema kuwa misiba mikubwa ya ziwa hili ililetwa na binadamu, si pepo. Ni kweli: MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, na watu zaidi ya 220 wakafa. MV Bukoba nayo, iliyozama Mei 21, 1996, ilikuwa imepakia kupita kiasi. Lakini meli ina jina, na msiba wake una tarehe. Mtumbwi huzama na watu watatu, wanne, wakaliliwa kijijini mwao tu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kila mwaka ziwani humu. Hesabu hiyo haiwezi kujazwa na meli mbili, hata ziwe kubwa namna gani.