Stelingi na Mfasiri Wake: Historia ya Hukumu ya Watazamaji

Historia ya maoni ya watazamaji wa filamu katika Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa kwa kufuata magazeti peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya maoni hayo haikuwahi kuandikwa. Yalitolewa kwa sauti, palepale filamu ilipokuwa ikiendelea, mbele ya watu waliobanana bega kwa bega, na mara nyingi yaliingia ndani ya filamu yenyewe kupitia kinywa cha mtu aliyekuwa akiifasiri. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sehemu kama Itaba, iliyokuwa tarafa (au komine, kama wanavyosema Warundi) ya vilima na mashamba katika mkoa wa Gitega, ndani ya nchi ambayo nyumba nyingi hazina umeme na ambayo, kwa hiyo, televisheni imekuwa kitu cha kukusanyikia kuliko kitu cha sebuleni. Katika Burundi na Rwanda filamu iliyofasiriwa huitwa agasobanuye, neno lililotokana na kitenzi gusobanura, yaani kueleza au kufafanua, ambacho Kirundi na Kinyarwanda hukitumia kwa maana moja. Jina hilo linabeba hoja nzima: filamu humfikia mtazamaji ikiwa imekwisha kuelezwa, na anayeeleza hawezi kukwepa kuhukumu.

Asili ya mfasiri huyu ni ya kikoloni. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa sinema ya elimu ulioongozwa na Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulitengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika, zikaonyeshwa kwa kuzungushwa vijijini huku maelezo ya lugha mbalimbali yakitolewa kwenye sahani za santuri au kwa mdomo wa mtu aliyesimama kando ya pazia. Upande wa Wabelgiji, waliotawala Kongo pamoja na Ruanda-Urundi, kazi kama hiyo ilishikwa kwa sehemu kubwa na wamisionari, miongoni mwao padri Albert Van Haelst, ambaye katika miaka ya 1950 alitengeneza huko Kasai filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Mfasiri wa wakati huo aliwekwa ili maana isipotee njia, yaani mtazamaji aelewe kile ambacho mtawala alitaka kieleweke. Lakini sauti iliyo hai mbele ya umati haidhibitiki kirahisi, na mtu aliyepewa kazi ya kulinda maana ndiye aliyekuja kuwa mwenye maana.

Watazamaji nao walikuwa wamekwisha kuchagua mashujaa wao. Katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kila mpanda farasi mwenye bastola aliitwa Jack, awe nani awe nani, na umati ulimpigia kelele za kumhimiza kana kwamba anasikia. Léopoldville, vijana waliojiita Bills, kwa kumfuata Buffalo Bill, walivaa na kutembea kama makauboi na wakaunda lugha yao, Hindubill. Zanzibar, ambako jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, nyoyo za wengi zilivutwa baadaye na filamu za Kihindi, na shujaa wa Awara ya Raj Kapoor alipendwa kwa sababu alikuwa maskini aliyeonewa. Tofauti hii ina uzito: watu walimpima shujaa kwa haki aliyokuwa akiidai, na nguvu za mwili zilikuja baadaye.

Kati ya 1968 na 1972 alitokea shujaa mweusi wa kwanza wa picha aliyejulikana kutoka Lagos hadi Nairobi. Lance Spearman, aliyefupishwa kuwa Spear, alikuwa mpelelezi katika jarida la African Film la kampuni ya Drum, jarida la hadithi zilizosimuliwa kwa picha za kamera zilizopangwa ukurasani kama katuni, maneno ya wahusika yakiwa ndani ya viputo. Jore Mkwanazi ndiye aliyepigwa picha kama Spear: kofia ya majani kichwani, tai ya kipepeo shingoni, gari la kasi, glasi ya wiski mkononi, na pembeni yake Sonia, kijana Lemmy na Kapteni Victor wa polisi. Nakala moja ilipita mikono mingi, ikasomwa shuleni kwa kuficha ndani ya daftari, ikakodishwa na kubadilishwa hadi karatasi zikachanika kwenye mikunjo. Spear hakuruka angani wala hakuwa na mwili usiopenya risasi. Ajabu yake ilikuwa kwamba Mwafrika alikaa katikati ya picha, akafikiri, akashinda na kulipwa heshima, katika jarida la kampuni iliyozaliwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ambako mtu kama yeye asingeruhusiwa kuishi alivyoishi. Msomaji anayemdharau Spear kwa kuwa aliigwa kutoka kwa James Bond anasahau jambo hilo, nalo ndilo kubwa.

Warundi waliosomeshwa kwa Kifaransa walipata vitabu vya picha kutoka Ubelgiji, na huko shujaa alikuwa Tintin, ambaye kitabu cha safari yake ya Kongo kiliwachora Waafrika kama watoto wasio na akili. Hukumu juu ya kitabu hicho ilichelewa, lakini ilikuja: mwaka 2007 Mkongo aliyeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka mahakamani Brussels, na ingawa mahakama ilikataa madai yake mwaka 2012, msomaji alikuwa amesema. Kenya, kwa upande wake, ilijichorea mashujaa wake. Mfululizo wa Pichadithi ulimleta Lwanda Magere, jabali wa Wajaluo ambaye mwili wake haukupenyeka na ambaye nguvu zake zilikaa kivulini mwake. Na mwaka 2010 likaanza jarida la katuni la Shujaaz, lililotumia Sheng na kusambazwa bure pamoja na gazeti.

Mkanda wa video ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, mfasiri alirudi, safari hii bila padri na bila serikali. Nchini Uganda wafasiri waliitwa VJ, na VJ Jingo akawa miongoni mwa majina makubwa. Dar es Salaam alijulikana Kapteni Derek Mukandala, ambaye umma ulimwita Lufufu. Kenya ilimpata DJ Afro, na Rwanda ikampata Yanga, ambaye sauti yake ilieleweka pia ng'ambo ya mto Akanyaru, nchini Burundi, kwa kuwa lugha za Kinyarwanda na Kirundi zinasikilizana. Ukumbi wao ulikuwa kibanda, chumba cha mbao au matofali chenye televisheni moja na mabenchi, ambacho Watanzania walikiita kibanda umiza, jina linalotaja bila kuficha joto na msongamano wa mle ndani.

Inafaa kutazama kwa karibu namna kazi hii inavyofanyika, maana hapo ndipo uhakiki unapozaliwa. Mfasiri hupunguza sauti ya filamu, hushika kipaza sauti, na huanza kwa kugawa vyeo: huyu ni stelingi, yaani mhusika mkuu ambaye picha inamfuata, yule ni adui, huyu mwingine ni msaliti, ingawa filamu yenyewe itamfichua baada ya saa nzima. Wahusika hupewa majina ya nyumbani, ukoo na hata kabila. Profesa wa New York huwa mjomba, na mke aliyekaa kimya kwenye picha husemewa maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyafikiria. Stelingi akifanya jambo la kipumbavu mfasiri humkaripia, naye adui akizungumza kwa hekima hupewa haki yake. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, mtengenezaji filamu wa Wakaliga, Kampala, alikwenda mbali zaidi: filamu yake Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, ilisambaa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, na wageni wengi waliipenda sauti hiyo kuliko mapigano yenyewe.

Kutoka vibandani ilitoka kanuni moja ambayo kila mtoto wa Afrika Mashariki aliyeketi kwenye benchi anaijua: stelingi hafi. Wasomi wanaweza kuiona kauli hii kuwa ya kitoto, lakini ni nadharia kamili ya hadithi, kwa kuwa mtazamaji anayejua mapema kwamba shujaa atapona hupoteza hamu ya kujua kama atapona na hubaki na swali zito zaidi, yaani kama anastahili kupona. Ndiyo maana filamu za Marvel za 2018 na 2019 zinaingia kwa shida katika kanuni hiyo. Katika Avengers: Infinity War nusu ya viumbe hai hutoweka, T'Challa, shujaa wa Black Panther, akiwa miongoni mwao, na katika Avengers: Endgame shujaa Tony Stark hufa kwelikweli, hafufuki. Kwa kipimo cha kibanda, ama Stark hakuwa stelingi, ama kifo chake ndiyo malipo ya haki, na mfasiri hulazimika kuchagua mojawapo kwa sauti, mbele ya watu waliolipa.

Black Panther ya Ryan Coogler ilizua mjadala wa aina nyingine. Kisumu iliionyesha tarehe 13 Februari 2018, katika mji wa nyumbani kwa Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, na Florence Kasumba, aliyecheza Ayo, alizaliwa Kampala. Msikilizaji wa Kiswahili aliposikia ukoo wa milimani ukiitwa Jabari hakuhitaji mfasiri. Hata hivyo Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, ilishonwa kwa vipande vya bara zima, lugha yake ikiwa Kixhosa cha kusini, na wapo waliouliza ni Afrika ya nani hiyo isiyo na jirani wala deni. Swali hilo ni la haki, kama ilivyo haki kumwona Killmonger, adui aliyedai vitu vilivyoibwa na kuwekwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya, kuwa na hoja ambayo stelingi hakuijibu hadi mwisho.

Burundi ilikuwa na vipimo vyake vya ushujaa kabla ya sinema. Kulikuwa na ivyivugo, tungo za kujisifu ambamo mtu hukariri matendo yake mbele ya mashahidi wanaoweza kumkanusha. Kulikuwa na Samandari, mhusika wa masimulizi ambaye silaha yake ni ulimi unaowaambia wakubwa ukweli. Na kulikuwa na ngoma za kifalme, ambazo mahali pake patakatifu pa Gishora pako karibu na mji wa Gitega na ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993 vililitia neno shujaa uchungu. Tarehe 9 Septemba 2002 raia zaidi ya 170 wasio na silaha waliuawa Itaba. Katika miaka hiyo Studio Ijambo ilitangaza redioni tangu 1997 mchezo wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi niwe Muryango, kuhusu familia mbili jirani, ya Kihutu na ya Kitutsi, na kipindi kingine, Inkingi y'Ubuntu, yaani nguzo za utu, kilichosimulia habari za watu halisi waliohatarisha maisha yao kuwaficha majirani wa kabila jingine. Katika kipindi hicho cha redio stelingi angeweza kufa bila msikilizaji yeyote kuona kwamba kanuni imevunjwa.

Sauti za wafasiri ni kumbukumbu ya fikra za watu ambao hawakuulizwa na gazeti lolote, na makumbusho, vyuo vikuu na vituo vya redio kuanzia Gitega hadi Dar es Salaam vinapaswa kuzikusanya sasa, hata kama kanda hizo zilinakiliwa bila idhini ya wenye filamu. Mkanda wa video haudumu zaidi ya miongo michache, na ile ya miaka ya 1990 imekwisha kufika umri huo.