Kilti: Vazi Lililoheshimiwa Kuliko Wenye Vazi



Ukitazama picha za harusi za Glasgow au Edinburgh, utawaona wanaume waliovaa vazi la sufu linaloishia magotini, lenye marinda nyuma, na mkoba wa ngozi ukining'inia mbele ya kiuno. Vazi hilo huitwa kilti. Kitambaa chake, chenye miraba ya rangi zinazopishana, huitwa tartani. Dunia nzima hulitambua kuwa vazi la Uskoti, nchi iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Britania, jirani ya Uingereza. Hata hivyo, wanaolivaa si Waskoti peke yao. Utalikuta Marekani, utalikuta Kanada, na utalikuta kwa watalii waliolikodi kwa siku moja tu.

Hapo ndipo swali huzuka: je, asiye Mskoti anastahili kulivaa? Wapo watakaokujibu kwa methali ya wahenga kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nakusihi tusilikimbilie jibu hilo. Historia ya kilti ina jambo zito kuliko swali la nani avae na nani asivae.

Yafaa uelewe kwanza kwamba Uskoti ya zamani ilikuwa na pande mbili. Kaskazini na magharibi palikuwa na Nyanda za Juu, nchi ya milima na visiwa, ambako watu waliishi kwa koo na kusema Kigaeli. Kusini na mashariki palikuwa na Nyanda za Chini, nchi ya miji na mashamba, ambako watu walisema lugha iliyo karibu na Kiingereza. Wengi wa Nyanda za Chini waliwadharau wenzao wa milimani na kuwaita wezi wa ng'ombe. Kilti ilikuwa ya hao waliodharauliwa.

Tangu mwishoni mwa karne ya 16, mwanamume wa Nyanda za Juu alijifunga shuka refu la sufu, akalikunja marinda, akalikaza kwa mkanda kiunoni, na sehemu iliyobaki akaitupa begani. Usiku ulipoingia, shuka lilo hilo likawa blanketi lake. Kilti fupi tunayoiona leo ni nusu ya chini ya shuka hilo, nayo ilienea katika karne ya 18. Simulizi moja lililochapishwa mwaka 1785 linadai kwamba aliyeibuni ni Thomas Rawlinson, Mwingereza wa Lancashire aliyekuwa na tanuri la kuyeyushia chuma huko Glengarry, baada ya kuona kwamba shuka refu linawatatiza wafanyakazi wake. Wanahistoria wanabishana juu ya dai hilo, na wapo wanaosema kwamba kilti fupi ilikuwapo kabla yake. Lakini tazama, msomaji: hata simulizi la chanzo cha kilti halikukosa mgeni ndani yake.

Mwaka 1745 koo nyingi za Nyanda za Juu zilimuunga mkono Charles Edward Stuart, mwana wa mfalme aliyetaka kuurudisha ufalme kwa jamaa yake. Uasi huo ulizimwa katika vita vya Culloden, tarehe 16 Aprili 1746. Serikali ya London haikuridhika na ushindi wa vitani. Ilitunga sheria iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, nayo ilianza kutekelezwa mwaka 1747. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita gerezani. Aliyerudia kosa alisafirishwa ng'ambo kwa miaka saba. Fikiri maana yake: mchungaji wa mlimani aliweza kupelekwa mbali na watoto wake kwa sababu ya kipande cha sufu.

Sheria hiyo, hata hivyo, iliacha mlango mmoja wazi. Askari wa jeshi la mfalme waliruhusiwa kuvaa kilti. Basi njia halali iliyombakia kijana kuvaa vazi la baba yake ilikuwa kumpigania mfalme aliyelipiga marufuku. Vikosi kama Black Watch viliipeleka kilti Amerika, India na kwingineko, kila mahali dola hiyo ilipopigana. Ndivyo vazi la wakulima na wafugaji lilivyogeuka kuwa sare ya dola.

Sheria ilifutwa mwaka 1782, baada ya miaka 35. Kufikia wakati huo vijana wengi walikuwa wamekulia katika suruali. Walioichangamkia kilti walikuwa mabwana wenye ardhi na watu wa vyama vya mijini, ambao hofu ya uasi ilikuwa imewatoka na nafasi yake ikashikwa na mapenzi ya mambo ya kale. Kilele cha mapenzi hayo kilikuwa Agosti 1822, Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh. Mwandishi Walter Scott, mzaliwa wa jiji hilo, ndiye aliyeandaa sherehe, akawataka waheshimiwa wavae tartani. Mfalme mwenyewe, ambaye ukoo wake ulitoka Ujerumani na ndio uliowashinda watu wa Culloden, alivaa kilti, na chini yake soksi ndefu za rangi ya waridi. William Curtis, mwanasiasa wa London, naye akavaa. Tangu hapo kilti haikuwa tena ya Nyanda za Juu pekee. Ilifanywa vazi la Uskoti nzima.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika miaka hiyohiyo ambayo kilti ilikuwa ikipigiwa makofi mjini, watu wa milimani walikuwa wakifukuzwa katika ardhi zao ili kondoo wapate malisho. Huko Sutherland, kati ya mwaka 1811 na 1821, maelfu waliondolewa mabondeni, na nyumba nyingi zikachomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mkuu wa ukoo wa Glengarry, Alasdair Macdonell, alichorwa na Henry Raeburn akiwa amevaa tartani kwa fahari, na mwaka 1815 alianzisha chama cha wale aliowaita watu halisi wa Nyanda za Juu. Bwana huyohuyo aliwapandishia kodi wapangaji wake na kuwaondoa wapishe kondoo. Watu wengi wa Glengarry waliishia Kanada, na hadi leo Ontario ina wilaya yenye jina hilo.

Unaona, basi, kosa lilikuwa wapi? Macdonell alikuwa Mskoti wa damu, tena wa ukoo mkubwa, na hakuna awezaye kumwambia kwamba kilti haikuwa yake. Lakini alilienzi vazi na kuwatupa wenye vazi. Mgeni anayevaa kilti harusini hamwondolei mtu shamba. Kipimo cha damu, ambacho wengi hukitumia, kingempitisha Macdonell na kumzuia mgeni huyo.

Kipimo hicho kina udhaifu mwingine. Mtu wa Edinburgh anayevaa kilti leo huenda anavaa vazi ambalo mababu zake walilicheka. Naye ameazima, ila ameazima zamani. Nasi huku Uganda tunalijua jambo hili. Kanzu ilifika Buganda katika karne ya 19, ikiletwa na wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani. Leo mwanamume wa Kiganda huvaa kanzu na koti anapokwenda kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, wala hakuna anayemwambia kwamba amejivika asili ya watu.

Kilti nayo iliwahi kufika kwetu, na haikuja kwa heri. Idi Amin, aliyelelewa kijeshi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, aliwapenda sana Waskoti. Katika utawala wake, mwaka 1971 hadi 1979, alijiita Mfalme wa Uskoti, na bendi ya jeshi lake ilipiga zumari za mfuko ikiwa imevaa kilti. Waskoti hawakumpa ufalme huo. Raia wake, wakati huohuo, walikuwa wakiuawa na kutoweka. George wa Nne na Amin hawafanani kwa mengi, lakini wote wawili waliifanya kilti pambo la mamlaka yao.

Je, Waskoti wenyewe wanasemaje leo? Hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kuvaa kilti. Bunge la Uskoti lilipitisha mwaka 2008 sheria ya kuanzisha daftari rasmi la tartani, na mtu wa nchi yoyote anaweza kuomba mchoro wake uandikishwe humo. Masingasinga wa Uskoti wana tartani yao, na wapo wanaovaa kilti pamoja na kilemba. Mlango, basi, uko wazi.

Kisichoazimwa kwa urahisi ni lugha. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 haikukipa Kigaeli nafasi yoyote shuleni, na watoto walifundishwa kwa Kiingereza. Ilikuwa mwaka 2005 tu ndipo sheria mahususi ya kukilinda Kigaeli ilipopitishwa. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wasiofika 60,000 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 5. Kilti hununuliwa dukani kwa dakika chache, na imeenea duniani kote. Lugha ya watu walioivaa kwanza imebaki kwa wachache.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: avae anayetaka, mradi ajue ni nani waliofungwa kwa ajili ya vazi hilo na ni nani waliofukuzwa wakati wengine wakilisifu. Wewe unayejifunza Kiswahili umekwisha kuchagua njia ngumu zaidi ya kuwaheshimu watu, kwa kuwa lugha haivaliwi kwa siku moja na kuvuliwa.

Ili tuendelee kufikiri pamoja, andika aya moja kuhusu vazi moja linaloheshimiwa mahali unapoishi. Eleza lilitoka wapi, ni nani walioanza kulivaa, na watu hao au wajukuu wao wanaishi katika hali gani leo.