Kalamu ya wino na siri ya umri wake

Tarehe 2 Septemba mwaka 1945, juu ya sitaha ya manowari ya Kimarekani USS Missouri, katika Ghuba ya Tokyo, Jenerali Douglas MacArthur aliketi mezani kutia saini hati ya Japan kusalimu amri. Hakutumia kalamu moja, bali kadhaa. Ya kwanza alimkabidhi Jenerali Jonathan Wainwright wa Marekani na ya pili Jenerali Arthur Percival wa Uingereza, makamanda wawili waliokuwa wametoka kifungoni mikononi mwa Wajapani. Miongoni mwa kalamu za siku hiyo ilikuwamo moja nyekundu, Parker Duofold, mali ya mkewe, Jean.

Historia ya kalamu hiyo inajulikana kwa sababu ulimwengu ulikuwa ukitazama. Lakini kalamu nyingi za wino wa kujaza, zilizolala kwenye masanduku na droo za wazee wetu, hazikuwa na mpiga picha pembeni. Zilitengenezwa lini? Je, zimebaki kama zilivyotoka kiwandani? Mara nyingi jibu limo ndani ya kalamu yenyewe, kwa anayejua kuisoma.

Tarehe inayopotosha

Kosa la kwanza la mkusanyaji mgeni ni kuamini kila tarehe anayoiona. Mwaka 1884, Lewis Edson Waterman wa New York alipata hataza ya ulimi mdogo unaokaa chini ya nibu, wenye mifereji ya kupitisha wino huku hewa ikiingia kuchukua nafasi yake. Tarehe ya hataza hiyo, 12 Februari 1884, iligongwa kwenye kalamu za Waterman kwa miaka mingi iliyofuata.

Kwa hiyo mtu anayeshika kalamu yenye maandishi hayo hashiki kalamu ya mwaka 1884. Anachoweza kusema kwa hakika ni kwamba haikutengenezwa kabla ya siku hiyo.

Pasipo na tarehe ya kuaminika, mali ghafi hutoa ushahidi. Kalamu za mwanzo zilitengenezwa kwa mpira mgumu, ambao ukiwa mweusi hugeuka rangi ya kahawia kwa kupigwa na mwanga na unyevu. Mwaka 1924 kampuni ya Sheaffer, ya Fort Madison katika jimbo la Iowa, ilianza kuuza kalamu za plastiki, na washindani wake wakafuata. Duofold nyekundu ilipoingia sokoni mwaka 1921 kwa bei ya dola 7 ilikuwa ya mpira. Miaka michache baadaye ikawa ya plastiki. Aidha, zile za mwanzo kabisa hazina pete ya dhahabu kwenye kifuniko.

Tarakimu na nukta

Kampuni iliyorahisisha zaidi kazi hii ni Parker yenyewe. Mwanzilishi wake, George Safford Parker, alikuwa mwalimu wa telegrafu katika mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin. Aliwatengenezea wanafunzi wake kalamu zilizokuwa zikivuja, hadi akaamua kuunda zake, na mwaka 1888 akaanzisha kampuni.

Mwaka 1933 kampuni hiyo ilitoa kalamu ya Vacumatic, yenye kibanio cha umbo la mshale, na mwaka uliofuata ikaanza kugonga tarakimu mbili ndogo kwenye mwili wa kalamu. Ya kwanza ilionyesha robo ya mwaka, na ya pili mwaka wenyewe. Hivyo 27 ni robo ya pili ya mwaka 1937. Kuanzia mwaka 1938 utaratibu ulibadilika: ikabaki tarakimu moja ya mwaka, ikizungukwa na nukta. Nukta tatu ni robo ya kwanza, mbili ni ya pili, moja ni ya tatu, na pasipo na nukta ni robo ya mwisho.

Hata hivyo, tarakimu moja huacha utata. Je, 1 ni mwaka 1941 au 1951? Hapo ndipo mashine ya kujazia wino inapotoa hukumu. Parker 51, iliyopewa jina hilo kwa kuwa kampuni ilitimiza miaka 51 mwaka 1939, iliingia sokoni Marekani mwaka 1941. Za mwanzo hujazwa kwa kubonyeza kitufe kilichofichwa nyuma ya kalamu. Mwaka 1948 mtambo huo ulianza kuachwa, badala yake ukawekwa mfuko laini ndani ya ala ya chuma, unaominywa kwa vidole.

Kwa kalamu zilizotengenezwa tangu mwaka 1980, herufi zilichukua nafasi ya tarakimu. Maneno QUALITY PEN yana herufi 10, kuanzia Q iliyo sifuri hadi N iliyo tisa. L basi ni mwaka 1983, au 1993.

Kalamu iliyotoka Burma

Tuchukue mfano wa familia yenye Parker 51 ambayo, kwa masimulizi ya nyumbani, babu alirudi nayo kutoka vita vya Burma, walikopigana askari wengi wa Afrika Mashariki. Wajukuu wanaifungua na kukuta mfuko wa kuminywa. Mwili huo haukuwapo wakati wa vita.

Je, mzee alisema uongo? Si lazima. Wakitazama kifuniko, wanaona kibanio chenye alama ya almasi ya buluu, ambayo Parker iliitumia tangu mwaka 1939 na kuiacha baada ya vita, kabla ya mfuko huo kuanza. Kifuniko ni cha zamani kuliko mwili. Huenda kalamu ya awali ilivunjika, na fundi akakivalisha kifuniko chake kwenye mwili mpya. Kwa mfanyabiashara, kalamu ya namna hiyo imepungua thamani. Kwa familia, imethibitisha nusu ya masimulizi na kuongeza sura ambayo hakuna aliyeisimulia.

Ndiyo maana mjuzi hatoi tarehe kwa alama moja. Hulinganisha mwili, kifuniko, kibanio na nibu. Tofauti ya miezi michache ni jambo la kawaida, kwani vipuri vilikaa ghalani kabla ya kuunganishwa. Tofauti ya miaka 10 inadai maelezo.

Adui mkubwa wa ushahidi huu si wizi wala kutu, bali nia njema. Tarakimu na nukta hizo zimegongwa kwa kina kidogo sana, na mrithi anayesugua kalamu ya marehemu kwa dawa ya kung'arishia anaweza kuzifuta kwa jioni moja. Kalamu itameta, lakini haitasema tena ilizaliwa lini. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kalamu ya wino, daftari lenyewe limeandikwa ubavuni mwake, na kabla ya kushika kitambaa, yafaa kwanza kushika lenzi.